Ramani ya Rangi Moja

4 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Za huko, za baridi, za kazi? Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua akishuka ngazi, lakini mdomo wake uko salama kabisa. Anasema mtu anayezima kamera kila akipigiwa simu lazima ana mke anayemficha. Nikamwambia ni mtandao. Akaniuliza mtandao gani huo unaopitisha sauti na kukataa sura.

Sasa shida yangu. Nimehamishiwa chumba cha ramani hapa idara ya maji. Zamani kilikuwa stoo ya mita: kina meza moja, feni isiyozunguka, na dirisha linalotazama uani ambako mabomba yamerundikwa kama kuni. Mhandisi wetu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, amenipa kazi ya kuchora ramani ya mafuriko. Mvua kubwa zikija, maji ya mto yatapita wapi, na mitaa ipi ihamishwe mapema? Mwaka jana walikisia tu, na watu wakashinda juu ya mapaa wakisubiri mtumbwi.

Tumepewa faili la miinuko ya wilaya nzima, lililopimwa na setilaiti. Nimeweka ile programu ya bure ambayo wewe na wenzako mnaijenga kwa kujitolea. Faili halitaki kuingia. Kila nikiliingiza linatoka andiko jekundu. Nilipomweleza Mama kwamba faili la aina hii linaitwa rasta, akasema ndiyo maana halisikii la mtu.

Nimekuambatishia picha ya skrini. Itazame, uniambie nakosea wapi.

Mpwa wako

7 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, baridi tumeshazoeana. Mwambie dada yangu hakuna mke. Angekuwepo angeshanitoroka kwa jinsi ninavyopika.

Picha sitaki. Niandikie kwa maneno hilo andiko jekundu linasema nini, neno kwa neno. Ndivyo tunavyowaambia wote wanaotuuliza maswali, maana mtu akinakili ujumbe mwenyewe, mara nyingi analiona tatizo kabla hajatuma.

Na usilazimishe. Kuna kitufe cha kuiambia programu ipuuze ukaguzi wake. Usikiguse.

Mjomba wako

8 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Barua yako imenikuta nimeshakigusa.

Andiko lilisema: "Mfumo wa faili haulingani na mfumo wa mradi." Chini yake, kwamba faili linapima kwa digrii na mradi wangu unapima kwa mita. Nikaona hizo ni ngebe, nikalazimisha. Faili likaingia kimya kimya, nami nikapiga makofi peke yangu chumbani. Kisha nikatazama. Barabara zipo, mto upo, mitaa ipo, lakini milima hamna. Nimeisogeza ramani mpaka mkono umechoka, nikakuta kidoti kimoja huko mbali, mahali pasipo na kitu. Ndiyo wilaya yetu hiyo?

Mama anakusalimu sana.

Mpwa wako mkaidi

10 Machi

Mpwa wangu mkaidi,

Marahaba. Nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta.

Ndiyo, ni wilaya yenu. Ulipolazimisha, programu ilizisoma zile digrii kama mita. Kwa hiyo mto, milima, ofisi yenu, na Mama yako na goti lake, wote mmebanwa mahali penye ukubwa wa kigae kimoja cha sakafu.

Kifute hicho kidoti. Fungua mradi mpya, uuambie ufuate mfumo wa faili lenyewe, wa digrii. Faili litaingia humo bila ugomvi. Kisha rudi kwenye mradi wako wa mita, uiombe programu iivute ile ramani na kuigeuza njiani. Ikimaliza huenda ukaona weupe mtupu. Usilie. Programu hii inafanya kazi ndani ya dirisha ulilolichora wewe tu, na pengine dirisha lako linatazama uani wakati mgeni anabisha mlango wa mbele. Iambie dirisha lilingane na ramani mpya, basi.

Taratibu. Utaweza.

Mjomba wako

15 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo! Imekubali! Weupe ulikuja kama ulivyosema, sikulia, nikalipanga dirisha, na wilaya nzima ikajaa kwenye skrini. Nikaiamuru programu inyeshe mvua juu yake. Maji yakateremka kutoka milimani, yakafika karibu na daraja, yakaishia hapo. Mtaa wa darajani unalowa, wa sokoni unalowa. Ajabu ni mtaa wa bondeni, ambao kila mtu anauogopa: umebaki mkavu kabisa.

Nimekuambatishia picha. Najua huzitaki, lakini hii nakuomba uitazame tu kwa jicho moja. Namkabidhi Mhandisi wiki ijayo, na sitaki kumpelekea kitu ambacho hujakiona.

Mpwa wako

23 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Uko salama kweli? Nimengoja jibu mpaka Mhandisi akaanza kusimama mlangoni akitazama saa, na akisimama hivyo mtu unajua anataka kazi yake. Kimya chako nimekihesabu kuwa ndiyo. Ungeona kosa ungepiga kelele, nakujua.

Ameipenda ramani, ameisaini. Jumamosi ijayo familia za darajani na sokoni zinahamishiwa kwenye shule ya msingi ya bondeni, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na ramani inasema hapafiki maji. Malori yameshapatikana.

Nijibu hata neno moja. Mama anauliza, nami nimeishiwa uongo.

Mpwa wako

Alhamisi, 30 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Nisamehe. Nilikuwa hospitali, jambo la kawaida, usimtie Mama wasiwasi. Nimerudi nyumbani leo na kuzikuta barua zako zote pamoja.

Kabla sijakupongeza, nieleze ile picha kwa maneno. Milimani rangi gani? Kando ya mto rangi gani? Nijibu leo hii, usisubiri kesho.

Mjomba wako

Alhamisi, 30 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole sana. Ni jambo gani la kawaida linalomlaza mtu hospitali wiki mbili?

Lakini nitasema ukweli, umenikera. Picha nimekutumia. Ni kubonyeza tu ifunguke. Macho unayo, si uitazame? Watu wanahama keshokutwa, na wewe unanipa mtihani wa insha.

Haya, kwa kuwa wewe ni mjomba. Ramani ni ya kijani. Milimani kijani. Mtoni kijani. Hapa ofisini kijani. Kijani hichohicho kila mahali, isipokuwa doa moja jeusi karibu na daraja, kubwa kama uwanja wa mpira. Nilidhani ni bwawa. Maji yote yanaingia pale na hayatoki.

Nimeandika hivyo nikasimama. Mjomba, inakuwaje mlima na mto viwe na rangi moja?

Mpwa wako

Alhamisi, 30 Machi

Mpwa wangu,

Salamu baadaye. Wasimamishe watu wasihamie bondeni.

Fungua taarifa za ramani yako, utafute kimo cha chini kabisa. Nadhani utakuta hasi elfu tisa mia tisa tisini na tisa. Hicho si kimo. Setilaiti haikuweza kupasoma pale, na waliotengeneza faili wakaandika nambari isiyowezekana, maana yake "hapa hatujui". Programu yako haikuambiwa hivyo, ikaiamini. Sasa karibu na daraja una shimo la kilomita kumi kwenda chini. Ukilinganisha na shimo hilo, tofauti ya mlima na mto ni unywele, ndiyo maana vyote vimekuwa kijani. Na mto wote unatumbukia mle. Bondeni pamebaki pakavu kwa sababu hiyo tu.

Iambie programu nambari hiyo ihesabiwe kuwa ni tupu. Mpeleke mpimaji apime vimo vya pale kwa miguu yake, jaza hapo palipo tupu, kisha nyesha mvua upya.

Mtu yeyote mwenye macho, aliyezoea ramani hizi, angelishtukia doa hilo mara moja. Na mimi ningelishtukia, mwanangu. Lakini picha yako sikuiona, wala ile ya kwanza. Sioni. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilishakufa mwaka jana, na hili la kulia walijaribu kuliokoa mwezi huu, haikuwezekana. Barua zako ninasomewa na kompyuta, kwa sauti ya mwanamke mmoja asiyejua kucheka.

Sasa kimbia.

Mjomba wako

4 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo nimepata nafasi ya kukaa. Nikusimulie.

Nilimkuta Mhandisi uani, anahesabu mabomba na fundi. Nikamwambia, "Mhandisi, ile ramani ina shimo."

"Shimo gani?"

"La kilomita kumi."

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Umekula leo?"

Nikamvuta mpaka chumbani kwangu. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nambari ilikuwa ileile, hasi elfu tisa na ushee. Akavaa miwani, akaisoma, akakaa kwenye kiti changu, mimi nikabaki nimesimama. Akasema, "Yaani tulitaka kuwapeleka watu kwenye maji." Kisha akapiga simu.

Hata hivyo lori moja lilikuwa limeshapakia mapema, magodoro mpaka juu. Nililikimbilia, likarudishiwa njia panda. Bibi mmoja aliyekaa mbele na kuku wake alinitukana matusi ambayo sikuwahi kuyasikia, na nilistahili yote. Ijumaa mpimaji na mimi tulishinda kwenye matope ya daraja, yeye anasoma vimo, mimi nashika mti wa vipimo. Tumejaza pale palipokuwa tupu. Safari hii ramani ina rangi, Mjomba: milima ya kahawia, vilima vya manjano, na kijani kando ya mto. Na bondeni, maji. Maji tele, toka shuleni mpaka makaburini.

Sasa tunahamisha mitaa mitatu badala ya miwili, kwenda sekondari ya kilimani. Watu wa bondeni hawataki kusikia. Wanasema wiki iliyopita tuliwaambia wao ndio walio salama. Nazunguka nyumba kwa nyumba kuwaeleza, na kila mlango naanza upya.

Nilikuandikia "macho unayo". Tangu siku ile sentensi hiyo haijanitoka. Kwa nini hukuniambia? Nani anakupikia? Ngazi za huko unazishukaje?

Mpwa wako

8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hiyo sentensi iache hapohapo ilipo. Hukujua, na aliyefanya usijue ni mimi.

Ilianza pembeni. Nikawa nagonga milango, nikadhani ni uzembe. Kisha pembeni pakaendelea kusogea ndani, mpaka nikawa natazama dunia kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Nilipokuandikia "picha sitaki", ujue nilishaijaribu. Nilikuwa naigusisha pua kwenye skrini.

Ngazi nazishuka kwa mkono wa ukutani. Chai napika, naweka kidole ukingoni mwa kikombe, nikiungua najua imejaa. Kazini wamenistahi, lakini kazi yangu ilikuwa kutazama ramani. Mkataba unaisha mwezi wa sita.

Kwa nini sikusema? Wewe ulipokuwa mdogo nilikuwa nakubeba begani sokoni ili uone mbali. Sikutaka kuwa mjomba wa kushikwa mkono. Ndiyo hivyo tu, hakuna kubwa zaidi.

Usimwambie dada yangu. Nakuomba.

Mjomba wako

21 Aprili

Mpwa wangu,

Habari za huko? Redioni wametaja mvua upande wenu, kisha wakarukia mpira. Simu zenu zote hazipatikani. Mkipata mtandao niandikie, hata neno moja.

Mjomba wako

25 Aprili

Mwanangu, mko wapi? Kila kompyuta ikilia naamuru isome, na kila mara ni tangazo la kuuziwa kitu. Mwambie dada yangu anitukane, nitafurahi.

Mjomba

29 Aprili

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Tupo. Mama yupo, nyumba ipo. Mnara wa simu ulianguka, umeme umerudi jana.

Mvua ilinyesha siku nne bila kupumzika. Mto ulipanda siku ya pili, ukapita juu ya daraja, ukaingia bondeni kama ramani ilivyosema. Kwenye shule ya msingi maji yalifika kwenye madirisha. Nilisimama kilimani na Mhandisi tukitazama paa la shule. Mle ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na madawati yanaelea.

Si kwamba tulipatia yote. Mtaa wa nyuma ya hospitali tuliuhesabu mkavu, nao ukalowa, kwa sababu kalavati lilizibwa na takataka na ramani haikujua. Watu walitoka salama lakini vitu vyao viliharibika. Mzee mmoja wa bondeni alikataa kabisa kuhama, akaokolewa juu ya mti, na mpaka leo anasema alipanda kwa hiari yake.

Yule bibi wa kuku amenitafuta kule sekondari. Nikajua matusi yanaendelea. Akanishika mkono, akaniuliza, "Ni wewe uliyetugeuza lori?" Nikasema ndiyo, na ni mimi niliyewapakia. Akasema la kwanza amelisikia, la pili halijamfikia, nimpishe akapike.

Sasa la Mama. Sikumwambia. Umeme ulipokatika tulikuwa tumekaa sebuleni, akasema ghafla, "Kaka yangu ana nini?" Nikajifanya natafuta kibiriti. Akasema, "Ni macho?" Nikazidi kutafuta kibiriti. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Alipotoka alikuwa ameshanawa uso. Aliniuliza swali moja tu: "Chai anapikaje?" Nilipomweleza ile habari ya kidole, ndipo akalia.

Anasema urudi nyumbani. Na mimi nasema hivyohivyo.

Mpwa wako

10 Mei

Wapendwa wangu,

Barua yenu nimeisikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Mungu ashukuriwe.

Dada, usilie kwa ajili ya kikombe cha chai. Kurudi sitarudi, si sasa. Hapa nimeshahesabu ngazi, najua kila kona. Huko nitakuwa mtu wa kuwekwa kwenye kiti asubuhi na kuondolewa jioni, na wageni wakija mnaniuliza kama nawatambua kwa sauti. Mna mambo yenu. Acheni nikae huku niwe wa simu.

Mjomba wako, kaka yako

17 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama amekataa kukusalimu. Anasema niandike hivi: "Mwambie sikumwita nimtunze. Kaka yangu ni mmoja, namtaka hapa nimseme uso kwa uso."

Langu ni hili. Wilaya zote za jirani zimepewa faili kama letu. Mhandisi amewapigia simu wenzake, na wawili wameshalilazimisha, wa tatu ana doa jeusi na anaamini ni ziwa. Anataka kutukusanya maofisa wa ramani hapa kwetu, tukae miezi mitatu na mtu anayezijua hizi kazi, mtu wa kutuuliza maswali mpaka tuone wenyewe. Ni kazi ya mkataba, imeandikwa. Akaniuliza, "Yule mjomba wako aliyekusaidia, anaweza?"

Nikamwambia ukweli, kwamba huoni.

Akasema, "Mimi naona, na nilisaini."

Akarudi kwenye karatasi zake. Unamjua sasa jinsi alivyo.

Kwa hiyo usije kukaa kwenye kiti. Viti vyenyewe ofisini havitoshi. Lakini njoo. Nimechoka kukueleza dunia kwa barua, nataka nikueleze ukiwa pembeni yangu, unikatize.

Mpwa wako

2 Juni

Mpwa wangu,

Habari zenu? Za Mama na goti? Mimi sijambo, isipokuwa nimepakia sanduku mara tatu, na kila nikimaliza nakumbuka kitu kilicho chini kabisa.

Mwambie Mhandisi nakubali. Mwambie dada yangu ajiandae, kama ni kunisema, nimempa nafasi ya kutosha.

Natua Jumanne mchana. Wa shirika la ndege watanishika mkono mpaka mlango wa kutokea, nami nimeshakubali washike, imenichukua siku mbili kukubali. Kuanzia hapo mkono ni wako. Usije na kibao chenye jina, sitakisoma. Wala usinipungie. Simama tu mahali watu wanapotokea, uite "Mjomba!" kwa sauti yako yote. Watageuka wengi. Atakayekuwa anacheka ndiye mimi.

Mjomba wako